Louis Braille na zile nukta sita

Kwenye somo la programu zoezi hili huja mapema: umepewa 01001101, toa herufi. Unapiga hesabu, unapata 77, unaangalia jedwali, 77 ni M kubwa. Python inaimaliza kazi hiyo kwa mstari mmoja. Tunafaulu, tunasonga mbele, na wachache wanauliza kwa nini kila herufi ikatwe kwa biti nane na si tatu au ishirini.

Swali hilo lilishatatuliwa kabla ya kompyuta, na kijana wa miaka 15 ambaye hakuona. Kazi yake iko jirani tu na sisi wa Miyuji: ukishika barabara ya Morogoro unafika Buigiri, wilayani Chamwino, kwenye shule ambako watoto wasioona wamekuwa wakisoma kwa vidole tangu miaka ya 1950. Sisi tunaita maandishi hayo nukta nundu. Kwingine yanaitwa kwa jina lake, Braille.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu, mtoto alichezea kifaa chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Jicho likaoza, ugonjwa ukahamia la pili. Kufikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris, kwenye shule ya vijana wasioona. Vitabu vilikuwepo, vizito kama tofali, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Mwanafunzi alipapasa umbo la herufi moja moja, na kuandika mwenyewe hakuweza. Kiukweli vilitungwa na wanaoona, kwa kufikiria macho. Na jambo hilo bado lipo: notsi zikipigwa picha kwa simu zikatumwa kwenye grupu la darasa, wewe unaona maneno, lakini ndani ya faili hakuna herufi hata moja, kuna rangi tu. Programu ya kumsomea mwenzetu asiyeona ikifika hapo inaweza kunyamaza.

Mwaka 1821 wanafunzi walionyeshwa mfumo wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa askari. Ulitumia nukta hadi 12 kwa alama moja, na uliandika sauti, si tahajia. Wazo la nukta lilikuwa zuri, ila nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole. Lazima usogeze kidole juu na chini, na ukifika mwisho umeshasahau mwanzo. Braille akazikata zikawa sita, safu mbili za tatu tatu. Kila nukta ipo au haipo, yaani 1 au 0. Mbili kwa kipeo cha sita: michanganyiko 64, ukihesabu na nafasi tupu. Kidole kinaigusa yote mara moja. Mwaka ulikuwa 1824.

Na hakugawa ovyo. Herufi kumi za mwanzo zinatumia nukta nne za juu tu. A ni nukta ya 1. Ongeza ya 3 unapata K. Ongeza na ya 6 unapata U. B inazaa L na V kwa njia ile ile. W haikuwemo kwa sababu Kifaransa hakikuihitaji sana. Ilikuja kuongezwa baadaye, ndiyo maana imekaa nje ya mpangilio. (Kiswahili bila W tungesemaje wewe?) Weka alama ya namba mbele, A inakuwa 1 na B inakuwa 2. Nukta ni zile zile, kilichobadilika ni makubaliano.

Alichapisha mfumo wake 1829, akaurekebisha 1837. Alikuwa mwalimu wa shule hiyo hiyo, na mpiga kinanda kanisani. Lakini mkuu mpya aliyeingia 1840 akaupiga marufuku. Walimu wanaoona hawakuweza kuyasoma maandishi hayo, na hilo likahesabiwa kuwa kosa la maandishi. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Mwaka 1844 marufuku yakalegea, na mfumo ukaonyeshwa hadharani.

Kifua kikuu kilikuwa kimeshamdhoofisha. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Shule ikaupitisha rasmi 1854.

Leo kwenye Yunikodi nukta zake zimepewa thamani 1, 2, 4, 8, 16 na 32. M ni nukta ya 1, ya 3 na ya 4, jumla 13. Ongeza 10240, mpe chr namba hiyo, uone kitakachotokea kwenye skrini.

Mwaka 1952 Ufaransa iliyahamishia mabaki yake Panthéon, Paris, wanakolazwa watu wakubwa wa nchi. Mikono yake ilibaki Coupvray.