Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyelichunguza Jicho

Sifa zote njema ni za Allah. Kila mwaka, jioni ya mwezi 29 Shaabani, tunatoka na watoto wetu kwenda pwani kutafuta hilali. Mmoja husema ameuona, jirani yake husema hakuona kitu, na mara watu huanza kutuhumiana uongo. Leo tumkumbuke mwanachuoni aliyetufunza namna jicho linavyofanya kazi.

Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Sifa za ujuzi wake zilifika Misri, na mtawala wa dola ya Fatimiyya, al-Hakim, akamwita ili ayadhibiti maji ya mto Nile. Alipofika kusini na kuyaona majengo makubwa ya watu wa kale, alitambua kuwa lau jambo hilo lingewezekana, wao wangelitangulia kulifanya. Akakiri kushindwa. Wanahistoria wanaeleza kwamba, kwa kuhofia ghadhabu za mtawala, alijifanya amerukwa na akili, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Baadaye aliishi karibu na al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu. Alifariki Cairo karibu mwaka 430 (1040).

Kitabu chake mashuhuri ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Kabla yake wengi waliamini kuwa jicho hutoa miale. Yeye alionyesha kuwa mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Alionyesha pia kuwa jicho hulinganisha. Nyota zipo mchana kama zilivyo usiku, ila mwanga wa anga huzificha. Na tone la rangi ile ile huonekana limekoza likiwa juu ya kitu cheupe, na huonekana limeng'ara likiwa juu ya cheusi.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Katika karne ya 19, Weber na Fechner wa Ujerumani waliiweka tabia hii ya hisia katika hesabu: tofauti hutambulika kwa uwiano wake na kilichokuwepo kabla. Ikiwa katika chumba chenye mishumaa 10 unatambua mmoja ukiongezwa, basi chenye 100 kitahitaji 10.

Na hilali ni hivyo hivyo. Mwezi ni mwembamba, na anga la machweo bado lina mwanga. Aliyetazama mapema huenda asiuone, na aliyesubiri giza liongezeke kidogo akauona, na wote wawili ni wakweli. Kwa hiyo tusiharakishe kumwita ndugu yetu muongo. Na ambaye hana yakini na alichokiona, aseme hivyo bila ya kuona haya, kama Ibn al-Haytham alivyokiri mbele ya mto Nile.

Tunamuomba Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Aamiin. Wallahu a'lam.