W. Edwards Deming

William Edwards Deming (14 Oktoba 1900 – 20 Desemba 1993) alikuwa mtaalamu wa takwimu na profesa wa biashara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa mafundisho yake kuhusu ubora wa bidhaa viwandani.

Alizaliwa Sioux City, Iowa, akakulia Powell, Wyoming. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1928. Alifanya kazi wizara ya kilimo, kisha idara ya sensa. Tangu 1946 alifundisha Chuo Kikuu cha New York.

Deming alifundisha kwamba kasoro nyingi hutokana na mfumo wa kazi, yaani mashine, malighafi na maelekezo, wala si uzembe wa mfanyakazi. Kwa hiyo kumkaripia au kumkata mshahara hakuondoi kasoro. Kukagua bidhaa mwishoni nako ni kuchelewa, kwa sababu iliyoharibika imeshakula gharama. Alitaka vipimo vichukuliwe kazi ikiendelea.

Baada ya vita viwanda vya Marekani viliuza karibu kila kitu vilichotengeneza, hivyo havikumjali. Wajapani walimwalika mwaka 1950. Alikataa malipo ya mihadhara yake iliyochapishwa, na fedha hizo zikasaidia kuanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951. Kwao alianza kusikilizwa mwaka 1980 tu, kupitia kipindi cha televisheni ya NBC, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Kampuni ya Ford ilimwita baada ya hapo.

Kaizen, njia ya Kijapani iliyo karibu na mafundisho yake, inafundishwa pia katika viwanda vya Tanzania.

Deming alifariki Washington, D.C., akiwa bado anaendesha semina.