Daniel Owino Misiani: Fanani Aliyeimba Pande Mbili za Mpaka

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Methali hii ni nyepesi kuitumia pale ambapo kwao mchezaji panajulikana. Ugumu huzuka mchezaji anapokuwa mtu ambaye kwao kumepasuliwa na mstari wa ramani, akazaliwa upande mmoja na kushangiliwa upande mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Daniel Owino Misiani, maarufu kama D.O. Misiani, mwanamuziki aliyeitwa babu wa benga na ambaye jina lake lingali linatajwa kwa heshima katika masoko, mialo ya wavuvi na vibanda vya chai vya Migori na Homa Bay.

Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, kaskazini mwa iliyokuwa Tanganyika. Sehemu hiyo leo imo katika wilaya ya Rorya, mkoa wa Mara. Shirati iko kando ya Ziwa Victoria, masafa mafupi tu kusini mwa mpaka wa Kenya. Anayeshika njia kuelekea kaskazini hufika Muhuru, kisha Karungu, na akizidi kuufuata ufuo wa ziwa hatimaye huingia Mbita na Homa Bay. Mpaka unaoikata nchi hiyo ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano yao ya mwaka 1886, yaliyovuta mstari kutoka Pwani hadi ziwani pasi na kuwauliza waliokuwa wakiishi hapo. Waluo wakajikuta ndugu wa damu chini ya serikali mbili. Hata hivyo, waliendelea kuoana, kuzikana na kuuziana ng'ombe na samaki kana kwamba mstari huo haukuwapo.

Nyumba aliyolelewa ilikuwa ya watu wa dini. Shirati yenyewe ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kimenonaiti tangu mwaka 1934, na nyimbo za kanisani zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Wazazi wa Misiani walikuwa waimbaji, lakini hawakupendezwa hata kidogo na ndoto za kijana wao. Katika miaka hiyo gitaa lilihusishwa na ulevi na uzururaji, na mcha Mungu hakutaka kuliona mikononi mwa mwanawe. Husimuliwa kuwa baba yake alifikia hatua ya kulivunja gitaa la mwanawe. Kwa hakika, lililovunjwa lilikuwa ubao na nyuzi tu. Nia ilibaki nzima, na katika miaka ya 1960 Misiani alivuka mpaka kuingia Kenya kutafuta riziki kwa muziki.

Kenya aliyoiingia ilikuwa ikichemka kwa sauti mpya. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamekuja na magitaa, na vijana wa Nyanza walikuwa wakiyafanyia kazi ambayo wenye kuyatengeneza hawakuikusudia: kuyafanya yaseme lugha ya nyatiti. Nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda, hufunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga ala kwa pete hiyo huku vidole vya mikono vikizidonoa nyuzi. Mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati ule ule. Waasisi wa benga waliugawa mzigo huo. Gitaa la solo lilirithi vidole vya mpiga nyatiti, gitaa la pili likawa la kulijibu, besi ikachukua mdundo wa pete ya chuma, na sauti za waimbaji wawili au watatu zikaunganishwa kama za wapwa kwenye sherehe ya mjomba. Nani hasa aliyelianzisha jina la benga ni jambo ambalo wataalamu wamelibishania kwa muda mrefu. Lisilobishaniwa ni kwamba Misiani alikuwa miongoni mwa wachache walioupa mtindo huo sura yake ya kudumu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa tayari na kundi lake, Victoria Boys. Kundi hilo lilibadilisha majina zaidi ya mara moja, likiwa pengine Luo Sweet Voice, pengine D.O. 7, lakini jina lililotia mizizi ni Shirati Jazz. Uteuzi wa jina hilo haukosi maana. Mwanamuziki aliyekuwa akitafuta soko nchini Kenya angeweza kujibandika jina la mji wa Kenya. Yeye alikiweka kijiji cha kwao ng'ambo ya mpaka mbele ya kila santuri, na wanunuzi wa Migori na Homa Bay walilitamka jina Shirati kama watu wanaotaja kwa jirani.

Santuri za enzi hizo zilikuwa ndogo, za nyuso mbili. Kwa kuwa wimbo wa benga haukutosha upande mmoja, uliendelea upande wa pili. Sehemu ya kwanza kwa kawaida ilikuwa ya maneno: kisa kinaelezwa, mtu anasifiwa, onyo linatolewa. Ukigeuzwa upande wa pili, waimbaji huwapisha wapiga magitaa, mwendo ukachapuka na miguu ikasahau uchovu. Biashara ya santuri hizo ilikuwa na wakuu wake. Chandarana wa Kericho alikuwa na duka na studio zilizowavuta wanamuziki wa magharibi mwa Kenya. Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi pia kuwa mbunge wa Homa Bay, alizisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe jina lake liligeuka kuwa jina la muziki wenyewe, na jina la lebo ya Sungura likawa la mtindo unaochezwa huko hadi leo. Almuradi, sauti iliyozaliwa kando ya ziwa ilikuwa imesafiri kuliko wengi wa waliyoiimba.

Lakini kumbukumbu za mashabiki hazikujengwa na santuri peke yake. Zilijengwa usiku, katika kumbi za miji midogo kama Migori, Awendo, Rongo, Kendu Bay na Homa Bay, ambako bendi za benga zilipiga hadi majogoo. Huko kulitawala desturi ya pakruok. Mtu aliyetaka kujinaki, kumsifu rafiki, mke au ukoo wake, alitoa pesa, muziki ukasimama, akasema yake, kisha nyuzi zikaendelea. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atauona hapo udugu wa karibu na majigambo na vivugo. Fanani hakuwa peke yake jukwaani. Hadhira ilikuwa mtunzi mwenza. Ndiyo sababu kumbukumbu za Misiani katika sehemu hizo ni kumbukumbu za watu kujihusu wenyewe. Wimbo unapopigwa, mzee hukumbuka ni nani aliyekuwa ameketi naye, nani alilipia sifa, na ni nani kati yao aliyekwisha kuzikwa. Jina la mtu wa kawaida, mfanyabiashara wa samaki au mwalimu wa shule ya msingi, lilipoingia katika wimbo lilipata umri mrefu kuliko mwenyewe.

Mwaka 1977 ulileta mtihani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Migori hilo halikuwa jambo la magazetini. Mpaka uliofungwa ulikuwa ule wa soko lao, wa wakwe zao, wa makaburi ya babu zao. Katika kipindi hicho chote bendi yenye jina la Shirati iliendelea kusikika upande wa Kenya, na redio haina kizuizi cha barabarani. Yamkini hakuna chombo kingine kilichowakumbusha wasikilizaji wa pande zote mbili kwamba walikuwa bado watu wamoja kwa urahisi kama gitaa la Misiani.

Umaarufu huo ulikuwa na bei. Misiani hakuridhika kuimba mapenzi peke yake. Aliimba historia ya Waluo, akachota visa vya Biblia alivyovisikia utotoni, akavigeuza kuwa vioo vya siasa za siku zake. Wanyama walisema na kutenda kama viongozi; ulevi ukasimama badala ya utawala uliopotea njia. Mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri, Piny Ose Mer, kichwa chake kinaisawiri dunia kuwa imelewa, na msikilizaji aliachiwa kazi ya kujaza ni nani aliyeilevya. Hiyo ndiyo nguvu ya jazanda: mwenye sikio huelewa, na asiyependezwa hushindwa kuthibitisha. Hata hivyo, wenye mamlaka nao walikuwa na masikio. Nyanza ilikuwa eneo lililotazamwa kwa jicho la shaka tangu kuuawa kwa Tom Mboya mwezi wa Julai 1969 na ghasia za Kisumu za Oktoba mwaka huo huo. Baada ya Kenya kufanywa rasmi nchi ya chama kimoja mwaka 1982, wimbo wenye fumbo ulikuwa na hatari sawa na hotuba. Misiani alikamatwa na kutiwa kizuizini zaidi ya mara moja kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake. Kuzaliwa kwake ng'ambo ya mpaka kulizidisha unyonge wake, kwani aliyechukizwa naye hakukosa la kumkumbusha: kwamba alikuwa mgeni.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapomkaba mtu koo. Serikali iliweza kumwona mgeni, ilhali msikilizaji wa Homa Bay hakumjua kwa jina hilo. Kwa msikilizaji huyo, ugeni ulipimwa kwa ulimi, na ulimi wa Misiani ulikuwa wa nyumbani. Alitoka kizuizini, akarudi jukwaani, na akaendelea kutunga. Kama kulikuwa na funzo ambalo dola ilitaka alipate, alilipata kwa namna yake: mafumbo yalizidi kuwa mazito, wala hayakukoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulimwengu wa mbali ulianza kumsikiliza. Kampuni ya World Circuit ya London ilitoa Benga Beat ya Shirati Jazz mwaka 1987. Mwaka 1989 zikafuata Benga Blast! na Piny Ose Mer, albamu zilizotolewa Uingereza na kuwafikia wasikilizaji wasiojua neno hata moja la Kijaluo. Walichokipenda hao kilikuwa magitaa. Walichokipenda watu wa Migori kilikuwa magitaa pamoja na maneno, na tofauti hiyo si ndogo. Mgeni alicheza, mwenyeji alicheza huku akitazama nyuma kuona ni nani anayesikiliza.

Nyumbani, wakati huo, mambo yalikuwa yakibadilika. Kaseti ilichukua nafasi ya santuri, na kaseti ni rahisi kunakili. Nakala haramu ziliuzwa hadharani sokoni na katika vituo vya matatu, na jasho la wanamuziki wa kizazi cha Misiani likawanenepesha wengine. Hata hivyo, hakunyamaza. Muungano wa NARC ulipoingia madarakani kufuatia uchaguzi wa Desemba 2002, kisha viongozi wake wakaanza kuvutana, Misiani aliirudia silaha yake ya zamani. Katika Bim en Bim, wimbo uliojengwa juu ya jazanda ya nyani, aliwasuta wanasiasa kwa tashtiti iliyozua gumzo kubwa. Alikuwa amekwisha kupita miaka sitini, na bado alikuwa akiwakosesha wakubwa usingizi.

Tarehe 17 Mei 2006 Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Vituo vya redio vya Kijaluo vilizipiga nyimbo zake, na pande mbili za mpaka ziliomboleza msiba mmoja. Miaka minne baadaye, mwaka 2010, mkusanyo wa kazi zake za miaka ya 1970 ulitolewa London kwa jina The King of History. Jina hilo lilimstahiki, kwa kuwa watu wengi wa Nyanza Kusini walijifunza historia yao kwenye gramafoni kabla ya kuikuta vitabuni, na baadhi yao hawakuikuta vitabuni kamwe.

Leo Migori na Homa Bay ni kaunti mbili kwa mujibu wa katiba ya mwaka 2010, na mpaka wa Isebania na Sirare hupitwa kila siku na malori, pikipiki na akina mama wenye vikapu vya dagaa. Wasanii chipukizi hupiga benga kwa kinanda na kompyuta. Hata hivyo, kwenye matanga na harusi, mpiga gitaa anapoianza ile midonoo ya haraka ya solo na mwenzake akaijibu kwa gitaa la pili, wazee huinua vichwa. Wanajua sauti hiyo ilitoka wapi.

Swali la kwao Misiani, basi, lina jibu, ingawa halimo kwenye pasipoti. Kwao ni pale ambapo mtu asiyemjua husikia wimbo wake na kukumbuka jina la babu. Kutunzwa kwake, hata hivyo, hakujakamilika. Nyimbo nyingi zilizomo katika santuri zilizochakaa hazijaandikwa maneno yake, hazijafasiriwa, wala hazijachambuliwa kama sanaa ya lugha. Wazee wanaoweza kuyafumbua mafumbo yake wanapungua kila mwaka, na akiondoka mmoja, fumbo hubaki na nyuzi bila maana. Mchezaji alikwisha kucheza. Deni lililobaki ni la watunzaji.