Umar bin Abdul-Aziz na Amana ya Baitulmali

Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa khalifa wa nane wa Bani Umayya. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab. Alisoma Madina kwa wanazuoni wake, kisha akawa liwali wa mji huo. Zama hizo alijulikana kwa nguo za thamani na manukato mazuri.

Mwaka 99 wa Hijra (717) alitawalia ukhalifa baada ya binamu yake, Sulaiman bin Abdul-Malik. Yasimuliwa kwamba aliletewa farasi wa kifalme, akawakataa, akapanda nyumbu wake, na thamani ya farasi wale akaamuru itiwe Baitulmali.

Kisha akaanza kwa nyumba yake kabla ya nyumba za watu. Mkewe Fatma alikuwa na vito alivyopewa na baba yake, khalifa Abdul-Malik. Umar akamhiyarisha: ama avitie Baitulmali, ama waachane. Fatma akamkhitari mumewe. Shamba la Fadak nalo, lililokuwa mkononi mwake, akalirejesha katika matumizi yake ya zama za Mtume. Hapo ndipo alipowageukia jamaa zake, akawanyang'anya ardhi na mali walizozitwaa kwa dhulma, wakamchukia sana.

Huko Khurasani wenye kusilimu walikuwa wakali wakitozwa jizia, kwa kuwa maliwali walichelea hazina kupungua. Umar akakataza, akawajulisha kwamba Mtume aliletwa kuwaongoza watu, hakuletwa kuwatoza kodi. Kwake yeye, hazina iliyojaa kwa dhulma ni tupu mbele ya Mungu.

Na katika yaliyopokewa juu yake ni kwamba aliwasha taa ya Baitulmali kwa kazi ya raia tu. Yakiingia mazungumzo ya nafsi yake, huizima akawasha yake.

Alikufa mwezi wa Rajabu mwaka 101 (720), baada ya kutawala kiasi cha miaka miwili na nusu. Yazid, ndugu yake Fatma, aliposhika ukhalifa alitaka kumrudishia vile vito. Fatma akakataa, kwani hakuona yafaa amtii mumewe alipokuwa hai kisha amwasi alipokwisha kufa.

Basi mali ya raia ina wenyewe, na aliyeishika ni mchunga tu. Naye ataulizwa alikoitoa na alikoitia.