Kakai Kilonzo: Gitaa la Ukambani, Lugha ya Taifa

Marehemu Kakai Kilonzo alizaliwa mwaka wa 1954 katika eneo la Kilimambogo. Alipochipuka kimuziki katika miaka ya 1970, benga, mtindo ulioasisiwa na Waluo, ulikuwa umeenea nchini Kenya, nao Wakamba walikuwa wakiupa sura yao.

Benga hutegemea mapatano machache ya sauti, yaani noti zipigwazo kwa pamoja. Aghalabu huwa matatu tu. Katika bendi ya Kakai, Kilimambogo Brothers, gitaa la ridhimu liliyazungusha mapatano hayo bila kuchoka, huku gitaa la solo likisuka juu yake melodia nyembamba za Kikamba.

Wapinzani wake wakuu, Peter Mwambi wa Kyanganga Boys na kundi la Kalambya Boys, walijulikana zaidi kwa nyimbo za Kikamba. Lugha hiyo ilitosha kuwafikia wasikilizaji wa Machakos, Kitui na Makueni, lakini iliishia hapo. Kakai aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, akapata mashabiki nje ya Ukambani pasipo kuliacha gitaa la kwao.

Aliaga dunia mwaka wa 1987, angali kijana. Mwaka wa 1989 bendi yake ilijumuishwa katika mkusanyo wa The Nairobi Beat, uliotolewa Marekani.

Mhakiki anayeutafuta ushairi wa Kiswahili pwani pekee humpita msanii huyu. Maisha yake yanadhihirisha kwamba Kiswahili kilikua bara pia, tena mikononi mwa watu waliokiimba kwa mahadhi ya lugha zao za mama.