Ali bin Muhammad: Mshairi Aliyewaongoza Wazanji

Inapotajwa habari ya watumwa walioinuka dhidi ya mabwana wao, jina linalotangulia ni la Spartacus, aliyetoroka Capua mwaka 73 K.K. pamoja na wenzake wapatao 70, akaitikisa dola ya Kirumi hadi alipouawa mwaka 71 K.K. Uasi huo ulidumu miaka miwili. Zaidi ya karne tisa baadaye, kusini mwa Iraki, watumwa walioitwa Wazanji walipigana na dola ya Abbasi kwa miaka 14, kuanzia 869 hadi 883. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa mtumwa wala Mzanji. Alikuwa mshairi.

Ali alizaliwa Warzanin, kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Rayy, Uajemi. Alipofika Samarra, makao makuu ya makhalifa wakati huo, alijipatia riziki kwa kutunga mashairi ya kuwasifu wakubwa wa ikulu. Humo aliiona fahari ya dola na vilevile udhaifu wake, kwani majemadari wa Kituruki waliwatawaza makhalifa na kuwaangusha. Mwaka 863 alikwenda Bahrain, akajinasibisha na ukoo wa Ali bin Abi Talib na kukusanya wafuasi, lakini jaribio hilo halikufaulu. Ndipo alipodai kwamba sauti kutoka katika wingu ilimwagiza aende Basra.

Madai ya namna hii si mageni katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisimulia kuwa nyoka wa ziwani, Mumbo, alimpa ujumbe kwamba Wazungu wangeondoka. Ujumbe huo ukaenea hadi Nyanza Kusini, ziliko kaunti za Homa Bay na Migori. Mtu aliyeelemewa na mzigo humsikiliza anayemwambia kuwa utatuliwa.

Wazanji walielemewa kwelikweli. Msomaji anayeijua Nyatike, ambako mto Kuja hufurika kabla ya kuingia ziwani, na aliyewahi kufika kwenye maji ya magadi ya Simbi Nyaima, ayaunganishe mazingira hayo mawili apate picha ya viunga vya Basra: vinamasi vilivyofunikwa na ukoko wa chumvi. Watumwa waliubambua ukoko huo na kuulundika, ili udongo wa chini ufae kwa kilimo. Walifanya kazi katika makundi ya mamia, na hata maelfu, kwa posho ya unga na tende.

Ali aliwaendea mnamo Septemba 869, katika mwezi wa Ramadhani. Kundi baada ya kundi liliacha kazi na kumfuata. Kwenye bendera yake aliandika aya ya Kurani inayoeleza kuwa Mungu amezinunua nafsi za waumini. Kwa watu walionunuliwa sokoni, maana yake haikufichika. Mabwana walipokuja kumpa dinari tano kwa kila mtumwa atakayerudishwa, alikataa, akaamuru wachapwe viboko na watumwa wao wenyewe. Wazanji walipoingiwa na shaka kwamba angewauza, aliwataka baadhi yao wamzunguke daima na wamuue wakiona dalili ya hiana.

Siku ya Idi aliwahutubia. Kwa kuwa wengi hawakujua Kiarabu, aliwaagiza waliomwelewa wawafasirie wenzao. Aliwakumbusha dhiki waliyokuwa nayo, kisha akawaahidi kuwainua hadi wamiliki mali, nyumba na watumwa. Hotuba hiyo ndiyo ufunguo wa maisha yake. Aliwaahidi watumwa uhuru, na katika ahadi hiyohiyo akaupa utumwa nafasi.

Vita vilimwendea vyema kwa miaka mingi. Waasi waliiteka Ubulla mwaka 870, na mnamo Septemba 871 wakaingia Basra, wakaua na kuteketeza. Wanawake waliotekwa, wakiwamo wa koo tukufu, walinadiwa kambini kwa bei ya chini, na Wazanji wakawa mabwana. Katikati ya mifereji Ali alijenga mji mkuu, Mukhtara, akatoza kodi na kufua sarafu zenye jina lake.

Mwaka 879 al-Muwaffaq, nduguye Khalifa al-Mu'tamid, aliielekeza nguvu ya dola yote kusini. Alijenga mji wake mkabala na Mukhtara, akauzingira kuanzia 881. Silaha yake kali zaidi ilikuwa msamaha: waliojisalimisha walipewa mavazi, zawadi na nafasi jeshini, kisha wakaonyeshwa kwa wenzao waliokuwa wakifa njaa ndani. Wengi walivuka. Ali alikataa msamaha, na mnamo Agosti 883 aliuawa. Kichwa chake kilipelekwa Baghdad.

Jina la Wazanji limehifadhiwa katika jina la Zanzibar, na wanahistoria kama Alexandre Popovic wamewaona waasi hao kuwa hasa watu wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwaka 1977 Ghada Talhami alihoji dhana hiyo, akionyesha kuwa Waarabu wa enzi hizo walilitumia jina Zanj kwa mapana kuliko pwani yetu. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutahadhari: jina si cheti cha kuzaliwa.

Matuta ya udongo yapatayo 7,000 yangali yanaonekana karibu na Basra. Utafiti wa kiakiolojia uliochapishwa mwaka 2025 ulibainisha kuwa mashamba hayo yaliendelea kutumika kwa karne kadhaa baada ya uasi kuzimwa. Ali bin Muhammad aliwafungua maelfu ya watu, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Utumwa wenyewe hakuugusa, kwa kuwa tangu siku ya Idi aliwaahidi wafuasi wake kiti cha bwana, wala hakuahidi kukivunja.