Albert wa Kwanza, mfalme aliyekwenda konje na kamba

Kabla ya kuitwa Virunga, hii parki tunayopita tukitoka Goma kwenda Rutshuru ilikuwa inaitwa Parc Albert. Lakini Albert mwenyewe alikuwa nani? Leo tunawaelezea wasomaji wetu, wale wa kwenye mashimo na wale wanaowangojea nyumbani, maisha ya huyo mtu. Mambo yake yanatugusa juu ya vitu viwili: mlima na hatari.

Albert alizaliwa Bruxelles tarehe 8 Aprili 1875. Hakuna aliyefikiri atakuwa mfalme. Leopold II alikuwa baba yake mkubwa. Lakini mtoto mwanaume wa Leopold alikufa angali mdogo, na mwaka 1891 kaka yake Albert akafa vilevile. Akabaki yeye.

Mwaka 1909, angali mwana wa mfalme, alifika Kongo kwa kupitia Katanga, safari nyingine kwa miguu, nyingine kwa kinga. Aliona kwa macho yake taabu ya wabeba mizigo. Mwezi wa Desemba mwaka uleule Leopold akafa, Albert akakaa kwenye kiti. Vita vya 1914 vilipofika, alibaki na askari wake miaka yote minne. Na sisi tusisahau: vita ile wazee wetu waliipigana pia, wakabeba mizigo mpaka Tabora, iliyotekwa Septemba 1916.

Sasa tuje kwenye konje yake. Wakati ule matajiri wa Ulaya walikuwa wanapenda kwenda milima ya Alps, kulala katika hoteli kubwa za Chamonix na St. Moritz. Mchana wanateleza juu ya theluji na mbao miguuni, usiku wanacheza dansi. Chamonix ndiyo ilipokea Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Albert naye alikuwa mtu wa Alps, lakini konje yake ilikuwa ya namna nyingine. Alisafiri kwa jina la kujificha, Comte de Réthy, ili asipokelewe kwa makelele. Kisha anatafuta mwamba mgumu, anafunga kamba, anapanda.

Konje ile ilihitaji matayarisho. Mwili usiozoea mwamba utaanguka. Kwa hiyo, kabla ya safari alikuwa anajizoeza nyumbani, kwenye miamba ya kando ya mto Meuse. Juu ya Chamonix, kwenye urefu wa metre 2 702, kuna nyumba ya wapanda milima yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1930.

Parki yetu ilitoka pia katika mapenzi hayo. Mwaka 1919 alitembelea Yosemite, kule Marekani, akaona namna nchi inavyoweza kulinda milima na nyama wake. Mmarekani Carl Akeley naye aliomba sokwe wa Mikeno walindwe. Tarehe 21 Aprili 1925 Parc Albert ikazaliwa, ya kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 1929 ikapanuliwa sana. Sokwe walipona, kweli. Lakini wako watu waliopoteza mashamba, malisho na mawindo ya babu zao, na neno hilo halijaisha hata leo. Tukimsifu mfalme kwa la kwanza, tusinyamaze juu ya la pili.

Alirudi Kongo mwaka 1928 pamoja na mke wake Elisabeth, kufungua njia ya reli kati ya Bukama na Ilebo, ile iliyobeba shaba ya Katanga. Akaja tena 1932. Mwaka huohuo Wabelgiji walipanda Ruwenzori, upande wa Beni. Ndiyo, theluji iko hata katika jimbo letu! Kilele kimoja kule, chenye metre 5 087, kinaitwa Albert.

Tarehe 17 Februari 1934, siku ya posho, alikwenda kwenye miamba ya Marche-les-Dames, karibu na Namur. Haikuwa Alps, ilikuwa mazoezi tu, mahali alipopazoea. Alimwacha mtumishi wake chini karibu na gari, akapanda peke yake. Saa ya kurudi ikapita. Mtumishi akaita, akatafuta, giza likaingia. Watu wakaja na taa, na usiku katikati wakakuta maiti yake chini ya mwamba. Alikuwa na miaka 58. Mwana wake Leopold III akashika ufalme.

Ninyi wa kazi ya shimo mnaelewa habari hii kuliko sisi wa kalamu. Alikuwa na kamba nzuri na ujuzi wa miaka mingi. Kilichokosekana ni mwenzake wa kushika upande wa pili. Tena jiwe halimjui mfalme wala mchimbaji, na pale tulipopazoea ndipo tunapoacha kugonga jiwe kabla ya kulikanyaga. Basi, kabla ya kushuka, hakikisha mko wawili, na yule anayebaki juu ajue saa ya kurudi kwako. Parki ilibadilishwa jina mwaka 1969. Sheria hiyo ya kamba haijabadilika.